Mtoto Mnene Si Mtoto Mlafi

Jumapili ya leo naomba tutafakari pamoja habari ya gauni jeupe.

Hivi karibuni nilikuwa Mbamba Bay, mji mdogo wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Baada ya ibada mama mmoja alinifuata pembeni, akasubiri watu wapungue, ndipo akaanza kusema. Binti yake wa miaka 12 alikuwa amemaliza mafundisho ya kipaimara. Sala anazijua, maswali anayajibu. Siku ya kujaribu magauni meupe, yaliyoshonwa yote kwa kipimo kimoja, gauni lake halikupanda zipu. Wenzake wakacheka na kumwita bonge. Mtu mzima aliyekuwa akisimamia zoezi hilo, badala ya kumwita fundi, alisema mbele ya watoto wote kwamba binti huyo apunguze kula. Tangu siku hiyo hajarudi kwenye mafundisho.

"Baba, nyumbani tunakula sufuria moja," mama aliniambia. "Kaka zake ni wembamba kama fito. Huyu amechukua umbo la bibi yake, mama wa baba yake. Sasa nimekosa wapi?"

Sitalitaja kanisa wala familia, kwa sababu jambo hili lingeweza kutokea Mbinga, Songea, Dar es Salaam, au katika usharika wako wewe unayesoma. Nataka tulishike swali la yule mama: nimekosa wapi?

Ni swali la zamani. Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu hawakuuliza jinsi ya kumsaidia. Waliuliza kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Bwana aliwakatalia yote mawili. Si yeye wala si wazazi. Kisha akainama, akatengeneza tope, akamhudumia yule mtu. Wanafunzi walikuwa wanatafuta mkosaji, naye Bwana alikuwa anatafuta la kumfanyia mtu aliye mbele yake.

Mbele ya mtoto mnene, wengi wetu bado tunauliza swali la wanafunzi. Ama mtoto ni mlafi na mvivu, ama mama yake hajui kulea. Hatufikirii kwamba huenda kuna jambo la tatu. Jambo hilo lipo, na limechunguzwa kwa miaka mingi. Linaitwa urithi wa vinasaba.

Tanzania tunajua vizuri maana ya kurithi. Tunajua kwamba wazazi wawili wenye afya njema wanaweza kuzaa mtoto mwenye selimundu, na leo hakuna mchungaji wala padri mwenye akili timamu atakayesema mtoto huyo ameupata ugonjwa kwa dhambi yake. Tunajua mtoto anaweza kurithi urefu wa babu, pua ya shangazi na sauti ya mjomba. Lakini tukifika kwenye uzito wa mwili tunasahau yote hayo. Urefu tunasema ni wa Mungu, unene tunasema ni wa sahani.

Mwaka 1986 daktari Albert Stunkard na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Denmark. Nchi hiyo ilikuwa na kumbukumbu nzuri za watoto waliolelewa na wazazi wasio wa damu. Watafiti waliwachukua watu wazima 540 waliolelewa hivyo, wakalinganisha miili yao na ya wazazi waliowazaa, kisha na ya wazazi waliowalea. Matokeo yalishangaza wengi. Unene au wembamba wao ulifuata wazazi waliowazaa. Kwa wazazi waliowalea, waliowapikia na kuwapakulia miaka yote ya utoto, hakukuonekana uhusiano wowote.

Mwaka 2008 watafiti wa London, wakiongozwa na Jane Wardle, walichunguza jozi zaidi ya 5,000 za mapacha wenye umri wa miaka 8 hadi 11. Mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, walilinganishwa na mapacha wasiofanana. Watafiti walikadiria kwamba tofauti za uzito kati ya watoto hao zilitokana na urithi kwa asilimia 77. Tuelewane hapa. Haina maana kwamba asilimia 77 ya kilo za mtoto zimetoka kwa bibi. Maana yake ni kwamba watoto wanaoishi katika mazingira yanayofanana, wakila vyakula vinavyofanana, wakitofautiana uzito, sehemu kubwa ya tofauti hiyo wamezaliwa nayo. Ndiyo habari ya yule mama wa Mbamba Bay: sufuria moja, miili tofauti.

Vinasaba hufanyaje kazi hiyo? Vingi vinavyohusika na unene hufanya kazi yake kwenye ubongo, mahali panapopokea habari za njaa na shibe. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua kinasaba kinachotengeneza homoni iitwayo leptini. Homoni hiyo hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuupelekea ubongo taarifa kwamba akiba ipo, tulia. Mtoto asiyekuwa nayo hupokea taarifa moja tu usiku na mchana: una njaa.

Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliokuwa na tatizo hilo. Walikuwa wanene kupita kiasi tangu utotoni, nao walisumbuliwa na njaa isiyokwisha. Mmoja wao, msichana wa miaka 9, alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 90. Alipoanza kuchomwa sindano za leptini njaa ile ilitulia, na ndani ya mwaka mmoja alipungua takribani kilo 16.

Mpendwa msomaji, tulia kidogo kwenye habari ya msichana huyu. Kabla ya sindano, kila aliyemwona akitafuta chakula angesema huyu ni mlafi, aombewe, akemewe, afungiwe kabati. Baada ya sindano alikula kama watoto wengine. Hakuwa ameungama ulafi wala kuwekewa mikono. Alipewa kitu ambacho mwili wake ulikuwa umenyimwa tangu kuzaliwa. Kama tungemhukumu, tungekuwa tumemshuhudia mtoto uongo.

Watoto wa namna hiyo ni wachache sana duniani. Wengi wenye unene hawana kinasaba kimoja kilichoharibika. Wana vinasaba vingi, kila kimoja kikisukuma kidogo. Kinachojulikana zaidi kinaitwa FTO, kilichotangazwa mwaka 2007. Mtu mzima aliyerithi aina ile ya hatari kutoka kwa baba na kwa mama pia huwa mzito kwa takribani kilo 3, kwa wastani, kuliko asiyeirithi kabisa, na tofauti huanza kuonekana tangu utotoni, kwenye umri wa miaka 7. Kilo 3 si nyingi. Lakini vinasaba vya namna hiyo vikikusanyika ndani ya mtoto mmoja, mtoto huyo atasikia njaa mapema kuliko kaka yake na shibe itachelewa kumfikia. Wote wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja, mmoja anainuka ameshiba, mwingine bado. Tukimwambia wa pili "jizuie kama kaka yako", hatujui tunamwambia nini, kwa sababu kaka yake hajizuii. Kaka yake ameshiba.

Jambo moja tulikumbuke. Sehemu kubwa ya tafiti hizi zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko watu wa bara lolote, na bado hatujachunguzwa vya kutosha. Kwa hiyo jihadhari na mtu atakayekuja kukuuzia kipimo au dawa ya "vinasaba vya unene".

Sasa nasikia msomaji mmoja akisema: kama ni urithi, basi yameisha. Tumwache mtoto ale atakavyo, Mungu ndiye aliyemuumba hivyo.

Hapana. Hilo ni kosa la pili, nalo linaumiza watoto kama lile la kwanza.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 8. Mwaka 2022 walifika asilimia 20, yaani zaidi ya milioni 390, na kati yao milioni 160 wana unene uliopitiliza. Vinasaba vya binadamu havibadiliki kwa kiasi hicho ndani ya miaka 32. Kilichobadilika ni chakula, kazi, michezo na usingizi. Mtoto mwenye urithi huo alikuwapo hata zamani za bibi yake, lakini dunia iliyomzunguka haikumpa nafasi ya kunenepa hivyo.

Watu wa Mbamba Bay wataelewa hili kuliko mimi. Mvuvi wa Nyasa hawezi kuuamuru upepo wa mwera usivume. Haukuletwa na yeye, na hakuna anayemlaumu kwa sababu unavuma. Lakini mvuvi huyohuyo anajua majira yake. Anaukagua mtumbwi, anachagua saa ya kutoka, na ziwa likichafuka hamtoi mwanawe peke yake. Urithi ni upepo. Mtumbwi, saa ya kutoka na mwenzi wa safari viko mikononi mwetu.

Tazama nyumba zetu zilivyobadilika. Mzee wa pwani ya Nyasa alikula ugali wa muhogo kwa dagaa au samaki, mboga za majani, na tunda lililokuwa kwenye msimu. Alipiga kafi, alitembea, alilima. Wamatengo wa milima ya Mbinga walipanda na kushuka kwenye ngoro zao wakibeba maharage na kahawa. Leo kuna lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana mgonjwa anafika hospitali mapema na samaki anafika sokoni hajaharibika. Lakini gari lililoshusha samaki Mbinga linarudi na kreti za soda, biskuti, pipi na madumu ya mafuta ya kupikia. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya takribani vijiko 9 vya chai. Hakuna mama anayeweza kuweka vijiko 9 kwenye kikombe cha chai cha mtoto akiwa anaona. Ndani ya chupa hatuvioni, na tunamnunulia mtoto kama zawadi ya kwenda kanisani.

Tukumbuke pia kwamba mkoa huuhuu bado unapambana na udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, na Ruvuma iko juu ya wastani huo. Mahali palipojua njaa, mtu kukuambia "umenenepa" ni kukusifu. Bibi anapomwongezea mjukuu ugali, haongezi kwa ubaya. Anakumbuka miaka ya upungufu. Kwa hiyo mtoto mnene wa kwetu anapigwa pande mbili. Nyumbani anasifiwa na kuongezewa, barabarani anachekwa na kuitwa bonge. Hakuna anayekaa naye na kumweleza kwa upole mwili wake unavyofanya kazi.

Je, ulafi si dhambi? Ni dhambi, na Maandiko yanaukemea. Lakini ulafi ni jambo la moyo, hausomwi kiunoni. Yuko mtu mwembamba anayekula mali ya wajane, na yuko mnene anayegawa chapati yake ya mwisho. Tukumbuke kwamba Bwana wetu mwenyewe aliitwa mlafi na watu waliomtazama akila na wenye dhambi. Imeandikwa katika Mathayo sura ya 11. Waliangalia meza, wakahukumu moyo. Samweli naye, alipokwenda nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, alianza kwa kutazama kimo na sura, Mungu akamrekebisha palepale.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakuta watu wana methali yao kuhusu baba waliokula zabibu chachu na meno ya watoto yakapata ganzi. Mungu anawaambia waache kuisema. Mtoto anaweza kurithi mwili wa baba yake, ila hatia hairithiwi. Na kama hakuna hatia, basi nafasi yake inashikwa na wajibu. Wajibu huo ni wa nani?

Kwanza, ni wa nyumba nzima. Usimtenge mtoto mmoja ukampa sahani yake ya adhabu huku kaka zake wakinywa soda mbele yake. Kama soda ni mbaya kwake, si nzuri kwao pia. Badilisheni sufuria, wala si mtoto. Maji yawe kinywaji cha kila siku. Dagaa, maharage, mboga na matunda tunavyo, na vina nafuu kuliko chipsi. Usimshindishe njaa, maana bado anakua. Kwa watoto wengi inatosha uzito usipande haraka wakati kimo kinaendelea kuongezeka. Mwacheni acheze na kutembea, angalau saa moja kila siku, na simu izimwe mapema alale. Utafiti wa mwaka 2011 uliokusanya watu wazima zaidi ya 218,000 ulionyesha kwamba kwa wale wanaoshughulisha mwili, nguvu ya kile kinasaba cha FTO hupungua kwa zaidi ya robo. Upepo ni uleule, lakini anayepiga kafi hausukumwi mtumbwi wake kama wa aliyelala.

Pili, ni wa zahanati na hospitali. Mzazi, ukiona mtoto amenenepa sana kabla ya miaka mitano, ana njaa isiyotulia hata baada ya kula, anachelewa kukua kwa kimo au kwa akili, au ana shida ya macho, usimpeleke kwa wa kumkemea. Mpeleke kwa daktari, aeleze na historia ya ukoo. Hata yule asiye na dalili hizo anastahili kupimwa shinikizo la damu na sukari bila kusemwa vibaya.

Tatu, ni wa kanisa, na hapa ndipo nataka tuumie kidogo. Kanisa ndilo lililompoteza binti yule. Hakuondoka kwa sababu ya vinasaba vyake, wala kwa sababu ya soda. Aliondoka kwa sababu ya neno la mtu mzima na vicheko ambavyo hakuna aliyevizuia. Mtoto anayeaibishwa hapungui. Anajificha, anaacha kucheza na wenzake, na mara nyingi hula kwa siri ili kujifariji. Kwa hiyo hata kama lengo letu lilikuwa afya yake, tumelipoteza pamoja na yeye mwenyewe.

Naomba walimu wa Shule ya Jumapili walipige marufuku jina la bonge, na majina yote ya namna hiyo, kama wanavyokataza matusi. Naomba wazee wa kanisa na walezi wa vijana wasiseme habari ya mwili wa mtoto mbele ya watu. Kama una la kusema, mwite mzazi pembeni, kwa heshima. Naomba sherehe za watoto wetu zisiwe lazima na soda na keki ndiyo watoto wajue Mungu anawapenda.

Na kuhusu magauni. Fundi anayeijua kazi yake humpima mtu kwanza, ndipo hukata kitambaa. Hakati kitambaa kwanza kisha akamlaumu mtu kwa kutotosha. Muumba wetu, Zaburi ya 139 inatufundisha, alimjua kila mmoja wetu tangu tumboni mwa mama yake, wala hakutuumba kwa kipimo kimoja. Kanisa linaloshona magauni yote kwa kipimo kimoja limesahau linamtumikia nani.

Baada ya ufufuo, Bwana alisimama ufukweni mwa ziwa alfajiri, akawasha moto wa makaa, akaweka samaki na mkate, akawaita wavuvi waliochoka waje wafungue kinywa. Walikuwamo waliomkana na waliomkimbia. Hakumpima yeyote kabla ya kumkaribisha. Ufukwe wa Mbamba Bay una makaa na una samaki. Meza hiyo inaweza kuandaliwa pale pia.

Niliondoka kabla sijajua kama binti yule atarudi kwenye mafundisho. Mama yake nilimwambia kwamba hajakosa, na binti yake hajakosa. Niliwaambia viongozi wake waende nyumbani kwa mtoto, wakaombe radhi, wakiwa na fundi mwenye futi yake mkononi. Kama katika usharika wako yuko mtoto aliyeacha kuja kwa sababu kama hiyo, leo ni Jumapili. Usingoje ya pili.

Tuombe. Ee Mungu Baba, utusamehe kwa watoto tuliowacheka. Uwape wazazi hekima ya kulisha na kulea, uwape waganga macho ya kuona, na utufundishe kuwapokea wote uliowaumba, kila mmoja kwa kipimo chake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.